Nilimpiga Beshte Yangu Picha Mbili kwa Fremu Moja, Akaniuliza "Hata Wewe?"

Leo hakuna klipu. Nimejaribu kuirekodi hii stori mara nne, na kila mara inakatika mahali pabaya, juu haiingii kwa sekunde tisini. Kwa hivyo mtasoma. Mkichoka wekeni alama mrudi baadaye, sitakasirika.

Wiki tatu zilizopita nilimchukua beshte yangu tukashuka mpaka kando ya Tana, huku upande wetu wa Garissa, mbali kidogo na daraja. Kupiga picha karibu na daraja ni kujitafutia maswali, wenye mji mnajua. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, lile jua la kuchoma limeanza kulegea. Nilitaka kujaribu kitu kimoja kwenye kamera: kupiga picha mbili, moja juu ya nyingine, ndani ya fremu moja. Simaanishi kuunganisha kwa programu ya simu. Kamera yenyewe inafanya hiyo kazi palepale, unabonyeza mara mbili unapata picha moja.

Picha ikatoka kali. Yeye amesimama kama kivuli cheusi, anga nyuma yake jeupe, na ndani ya kichwa na mabega yake unaona mabati, ua wa miiba na barabara ya vumbi. Hiyo picha ya pili nilikuwa nimeipiga mwezi mmoja nyuma kule Hagadera, Dadaab, nilipoitwa kazi ya harusi. Nikamgeuzia kioo cha kamera, nikingoja aseme manze umeua.

Akaangalia muda mrefu. Halafu akaniuliza: "Hata wewe?"

Sikumwelewa mpaka usiku. Na nilipomwelewa nikaanza kusoma, na nikisoma huwa siachi, muulizeni mama. Kwa hivyo hii ni historia ya kubonyeza mara mbili, tangu Boston mpaka kwa kitambulisho cha beshte yangu.

Tuanze na kamera, juu bila hiyo hamtaelewa kilichomuuma.

Kamera yangu ni Canon 5D Mark III. Ilitoka 2012, mimi nikiwa bado nafundishwa kujumlisha shule ya msingi. Niliinunua mkono wa pili Eastleigh kwa jamaa wa video za harusi aliyekuwa anahamia kamera mpya. Pesa zilikuwa za karo ya muhula ambao sikurudi chuo. Hooyo, kama unasoma hapa, pole.

Kamera ni jicho linalokusanya mwanga. Kila ukibonyeza, mlango unafunguka, mwanga unaingia, mlango unafungwa. Zile kamera za filamu za wazee, ukisahau kuzungusha filamu baada ya kupiga, picha inayofuata inaanguka juu ya ile ya kwanza. Wengi walipata picha mbili kwa fremu moja kwa bahati mbaya, harusi ya mtu imechanganyika na ng'ombe wa jirani. Baadaye watengenezaji wakaweka kizuizi: usipozungusha filamu, kamera haibonyezeki. Halafu zikaja za kidijitali na kosa likarudishwa kwa menyu kama ujuzi. Nikon walikuwa nayo mapema, sisi wa Canon tukangoja mpaka hiyo 2012.

Kwenye yangu unaweza kuweka mapigo mawili hadi tisa kwa fremu moja, na kuna njia nne za kuyachanganya. Mbili ndizo za maana leo. Njia ya kujumlisha inaongeza mwanga juu ya mwanga: ukipiga mara mbili kwa mwangaza wa kawaida, picha inaungua, kwa hivyo lazima kila pigo ulipunguze. Mapigo mawili, punguza stopu moja. Mapigo manne, punguza mbili. Njia ya wastani inakufanyia hiyo hesabu yenyewe: kila pigo linapewa sehemu yake, hakuna linalozidi.

Sasa kanuni yenyewe, na hii ishikeni: palipo peusi kwenye picha ya kwanza, picha ya pili inaingia. Palipo peupe kabisa, hakuna kitakachoingia tena. Nyeupe imeshiba. Ndiyo maana unamweka mtu wako dhidi ya anga, unapima mwangaza wa anga, yeye anakuwa mweusi tititi. Ule weusi ni chombo kitupu, na utakachopiga kwa pigo lingine kitamjaa yeye peke yake, nje ya mwili wake kusionekane kitu. Garissa ni rahisi sana kwa hii kitu, juu anga letu ni jeupe karibu mwaka mzima. Na unaweza pia kuchagua picha ya zamani iliyo kwenye kadi iwe ndiyo msingi, mradi ni faili ghafi ya kamera hiyohiyo. Hivyo ndivyo Hagadera iliingia ndani ya beshte yangu bila yeye kujua nimeichagua.

Haya. Boston.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 kulikuwa na mchongaji wa nakshi za vito anaitwa William Mumler. Alipiga picha yake mwenyewe, na nyuma yake ikaonekana sura ya mtu mwingine, hafifu kama moshi. Watu wakasema ni roho ya marehemu. Mumler hakuwabishia. Marekani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, maiti kwa malaki, na kila nyumba ilikuwa na mtu wa kutafuta. Akafungua biashara: njoo ukae kwenye kiti, nikupige, uone kama mumeo atatokea. 1869 akashtakiwa New York kwa ulaghai. P. T. Barnum, yule mwenye sarakasi, akaja kutoa ushahidi dhidi yake, na akaleta picha aliyotengenezewa makusudi na mpiga picha mwingine, Barnum amekaa na Abraham Lincoln, aliyekuwa ameshakufa, amesimama nyuma. Kuonyesha tu vile ni rahisi. Mumler akaachiliwa hata hivyo, ushahidi haukutosha, na miaka michache baadaye mjane wa Lincoln mwenyewe akaenda kukaa kwenye kile kiti. Picha ipo. Mama mzee na nguo nyeusi, na mume wake amemwekea mikono mabegani.

Nacheka kidogo nikiitazama, halafu siwezi kucheka. Kwangu hiyo ni matumizi ya kwanza ya hii kitu: kumwambia mtu uongo anaoutaka.

Matumizi mengine, mazuri zaidi, yako hapa jirani. Ukishuka na barabara ya Hola na Garsen unafika Lamu, na Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor wa Bakor Studio, aliyefariki 1993. Huyo mzee alikuwa anachezea picha kabla ya neno fotoshopu kuzaliwa. Alikata, akabandika, akachanganya nega, sura ya mtu ikatokea ndani ya kitu kingine kabisa. Mjerumani mmoja, Heike Behrend, ameandika kitabu kuhusu wapiga picha wa pwani yetu na Bakor yumo. Kinachonipendeza ni kwamba wateja walikuja wenyewe, wakalipa. Walitaka kuonekana kwa njia ambayo macho ya kawaida hayawezi kuwaona. Hakuna aliyedanganywa. Mkienda Lamu kwa ajili ya punda na maandamano ya Maulidi, muulizieni huyo mzee. Sijui kwa nini shuleni tulisoma kuhusu Vasco da Gama mara tatu na hatukusoma kuhusu Bakor hata mara moja.

Lakini mtu aliyenikosesha usingizi ni mwingine. Anaitwa Francis Galton, Mwingereza, binamu ya Charles Darwin.

Miaka ya 1870 ikielekea mwisho, Galton alipewa picha za wafungwa na mkuu wa magereza wa Uingereza, Edmund Du Cane. Wezi, wauaji, wanyang'anyi. Swali lake lilikuwa: je, kuna sura ya mhalifu? Yaani kama ukiwapanga wauaji wote, utapata uso mmoja wa muuaji ambao polisi wanaweza kuutambua mtaani? Akabuni njia. Alichukua sahani moja ya kupigia picha, akaweka picha ya mfungwa wa kwanza mbele ya lenzi kwa muda mfupi, akaitoa, akaweka ya pili mahali palepale, macho juu ya macho, kisha ya tatu. Hesabu yake ilikuwa hivi: kama sahani inahitaji sekunde 80 kupata picha kamili na sura ni 8, kila sura inapewa sekunde 10. Msome tena hiyo. Hiyo ndiyo njia ya wastani iliyo kwenye menyu ya kamera yangu. Nimekuwa naitumia kupamba picha za bibi harusi, kumbe hesabu yake ilianzia kwa wafungwa.

Na unajua alipata nini? Mtu wa kawaida. Uso uliotoka ulikuwa mzuri kuliko wa yeyote kati yao. Makovu yakapotea, pua zilizovunjika zikanyooka, ukali ukafutika. Galton mwenyewe alikubali kwamba ule ubaya uliyeyuka na kilichobaki ni ubinadamu tu. Mtu mwingine angesimama hapo. Yeye aliendelea. Alipiga wagonjwa, akapiga wanafunzi wa Kiyahudi London, akitafuta sura ya kila kundi. 1883 ndiye aliyebuni lile neno eugenics, ile fikra ya kuchagua nani azae na nani asizae, na mnajua ilikofika Ujerumani.

Huyohuyo Galton, 1892, akachapisha kitabu kuhusu alama za vidole. Hakuwa wa kwanza kuzitumia, Waingereza walioko Bengal walikuwa wameshaanza kuwapiga Wahindi vidole kwenye mikataba. Lakini ndiye aliyekaa chini akathibitisha kwamba hakuna wawili wanaofanana na kwamba hazibadiliki uzeeni. Polisi wa London wakaanza kuzitumia rasmi 1901. Na kutoka hapo alama zikapanda meli.

Kenya sheria ya kuandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndiyo kipande. Karatasi yenye jina lako, kabila lako, mwajiri wako, mshahara wako na alama ya vidole, ndani ya kijikopo cha chuma unachoning'iniza shingoni kama mbuzi mwenye kengele. Wazee walikichukia sana kile kijikopo. Miaka mia imepita na sisi bado tunaita kitambulisho kipande, na tunasema bila hata kusikia tunachosema.

Kwa hivyo mtu mmoja ana mkono kwenye vitu vyote viwili: kuweka sura nyingi kwenye sahani moja ili upate aina ya mtu, na kushika kidole kimoja ili mtu asikuponyoke. Mimi niliiona hiyo saa nane usiku, simu ina chaji asilimia nne, nikaamka nikakaa.

Sasa turudi nyumbani.

Historia ya huku sitaieleza yote. Wakoloni waliita eneo hili Northern Frontier District, wakalifunga, kuingia na kutoka ni kwa ruhusa. 1962 tume ilikuja kuuliza watu wanataka nini, wengi wa Wasomali wakasema wanataka kuungana na Somalia, hawakusikizwa. Kikafuata kile kinachoitwa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na hali ya hatari iliyobaki kwenye vitabu vya sheria mpaka 1991. Katikati hapo kuna Garissa ya Novemba 1980 na Wagalla ya Februari 1984. Wenye familia huku hawahitaji niwaeleze, na wasio na familia huku watafute ripoti ya Tume ya Ukweli ya 2013 waisome wakiwa wamekaa.

Ila 1989 naomba nisimame kidogo, juu ayeeyo wangu yumo.

Mwishoni mwa mwaka huo serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya waliozidi miaka 18 wapigwe msasa. Wasomali tu. Ulikuwa na kitambulisho halali cha Kenya mfukoni, lakini unakwenda mbele ya kamati na wazee, unaulizwa ukoo wako, ukoo mdogo, chifu wako ni nani, babu yako alizikwa wapi. Ukiwaridhisha, unapewa kadi nyingine ya rangi ya pinki. Kwa hivyo ayeeyo alikuwa na kadi mbili. Ya kwanza ilisema ni Mkenya, ya pili ilisema ile ya kwanza haikuwa uongo.

Bado anayo. Ameifunga kwenye kitambaa pamoja na cheti cha ndoa na karatasi za hospitali za watu waliokwisha kufa. Nilipomuomba niipige picha alikataa kwanza. "Ayeeyo," akaniambia, "unataka kuwaonyesha watu kwamba niliwahi kuulizwa?" Hapa niwaeleze wasiojua Kisomali: ayeeyo ni bibi, lakini bibi naye anamwita mjukuu ayeeyo. Hooyo ni mama, na mama anamwita mtoto hooyo. Neno moja, watu wawili ndani yake, na hakuna anayechanganyikiwa.

1991 Somalia ikaanguka, na Dadaab ikaanza. Ifo kwanza, kisha Dagahaley na Hagadera. Kambi zote tatu zilipangwa kwa watu 90,000. Mwaka wa 2011, njaa ilipotangazwa kusini mwa Somalia, zilikuwa na zaidi ya 400,000. Hiyo takwimu kila mtu duniani anaijua, waandishi walikuja na helikopta. Kitu ambacho hawakuuliza ni hiki: ule ukame ulikuwa unajua mpaka? Upande huu wa mpaka ng'ombe walikuwa hai? Hawakuwa. Watu wa Garissa na Wajir, Wakenya kabisa, walikuwa wanakufa njaa na kilomita chache kutoka kwao kuna mahali ambapo ukiandikisha jina na kuweka kidole unapewa unga, mafuta, maharagwe, na mtoto anaenda shule na hospitali bure.

Wewe ungefanya nini? Jibu polepole.

Watu wakajiandikisha. Wengine 1992, wengine 2006, wengine 2011. Mama anaenda na watoto wanne, wote wanapigwa picha, wote wanaweka vidole. Miaka inapita, mtoto anafikisha 18, anaenda kuomba kitambulisho cha nchi yake. Vidole vinaingizwa kwenye mashine, mashine inasema: huyu tunamjua. Huyu ni mkimbizi.

Imekuwa ikitajwa kwamba watu karibu 40,000 wako hivyo. Kwa Kiingereza wana jina la ofisini, kwa Kiswahili tunaweza kusema waliosajiliwa mara mbili. Mimi nasema ni watu waliopigwa pigo la pili juu ya la kwanza bila kuulizwa, na pigo la pili likachukuliwa ndilo picha. Ndiyo maana nimewachosha na Galton. Alikuwa anaweka watu wanane kwenye uso mmoja. Hapa wamechukua mtoto mmoja wakampa nyuso mbili, na kilichomfunga ni kidole, ile kazi nyingine ya mzee huyohuyo.

Beshte yangu alikuwa na miaka 8 mwaka wa 2011. Babake alizaliwa Garissa, mamake alizaliwa Garissa, babu yake ana kadi ya pinki kama ya ayeeyo. Anakumbuka ile siku ya kuandikishwa vizuri sana, juu alipewa biskuti. Anasema zilikuwa zile biskuti ngumu zenye virutubisho na aliweka mbili mfukoni amletee dadake mdogo aliyebaki nyumbani akiumwa. Dadake hakwenda kuandikishwa, alikuwa na homa. Dadake leo ana kitambulisho, yuko chuo, ana mkopo wa masomo. Homa ilimwokoa.

Yeye hana. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la mjomba. Akilipwa, pesa zinaingia kwa abti kwanza, halafu anaomba pesa zake mwenyewe kwa adabu. Nairobi hajawahi kufika, juu kati ya hapa na Nairobi kuna vizuizi na kila kizuizi kinaomba kipande. Mimi niliacha chuo kwa hiari yangu, na huwa najitapa nayo mtandaoni, mnanijua. Yeye alipata alama nzuri kunishinda na hakupata nafasi ya kuacha kitu. Mara ya tatu alipoenda kuomba, karani wa ofisi moja, siitaji ni ipi, alimgeuzia kompyuta aone. Kwenye kioo kulikuwa na picha yake ya miaka 8, amekodoa macho, na shavu moja limevimba kwa biskuti.

Februari 2025 Rais alikuja Wajir akatia saini tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada kwa vijana wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho. Mtaa mzima ulipiga kelele, na mimi nilirekodi, klipu bado ipo kwenye ukurasa. Nilifurahi kweli, na sitaki kuwa yule mtu wa kuharibu sherehe. Lakini msasa ni kitu kimoja, na kidole kilicho ndani ya mashine ni kitu kingine. Kwa wale ambao shida yao ilikuwa kuhojiwa na wazee na kuulizwa kaburi la babu, mlango umefunguka. Beshte yangu hakuwa amekwama kwa wazee. Wazee wanamjua, wamemchezea tangu akiwa mchanga.

Kwa hivyo mnaelewa sasa alichoniuliza pale mtoni. Mimi niliona sanaa: kivuli cha kijana wa Garissa, ndani yake Hagadera, watu watalia, watashea. Yeye aliona ile kompyuta tena. Rafiki yake wa tangu madrasa amemjaza kambi ndani ya mwili, na anatabasamu.

Nilimpigia simu usiku huohuo nikamwomba msamaha. Akasema haina noma, ila akaniomba kitu kimoja. "Basi nitumie ile ya kwanza, yangu peke yangu. Ile kabla hujaweka mabati."

Na hapo ndipo nilijua nimefanya ujinga mwingine, wa kiufundi. Kwenye ile menyu kuna mahali kamera inakuuliza: nihifadhi picha zote, pamoja na zile zilizochanganywa, ama nihifadhi matokeo pekee? Mimi kadi yangu ni ndogo, nilikuwa nimeweka matokeo pekee. Nilikuwa nayo ile ya Hagadera, juu ilikuwa kwenye kadi tangu mwanzo. Nilikuwa nayo ile ya mchanganyiko. Yake yeye peke yake haikuwepo. Na ukishachanganya namna hiyo huwezi kutenganisha, hakuna programu itakayokutolea mtu kutoka ndani ya mabati. Nilijaribu mpaka alfajiri.

Nimeibadilisha hiyo mpangilio. Nyinyi wenye kamera kama yangu, nendeni mbadilishe leo kabla hamjasahau, nunueni kadi kubwa. Na mkitaka kujaribu hii kitu na mtu wenu, mwonyesheni kwanza picha mtakayomjaza nayo. Mimi nimepiga za watu wengine sita tangu wakati huo, kila mmoja akichagua mwenyewe. Mmoja alitaka mbuzi wa soko la mifugo asubuhi vumbi likiwa juu. Dada mmoja anayeuza nguo Suuq Mugdi alitaka vitambaa vya duka lake, na ikatoka tamu sana, juu mugdi kwa Kisomali ni giza, na yeye alijua hiyo kabla yangu. Ayeeyo naye, baada ya kunikatalia kadi, akakubali kupigwa mara mbili: pigo moja akiwa amekaa mkekani, pigo la pili mkeka uleule bila yeye. Anaonekana na mkeka unaonekana ndani yake. Ameipenda. Anasema ndivyo atakavyokuwa siku moja, na akaniambia niache kununa.

Ile ya beshte yangu haitapanda mtandaoni. Wale mnaoniandikia kwa siri mkiiomba, mmechelewa, nimeifuta mbele yake na yeye ndiye aliyebonyeza.

Alhamisi iliyofuata tulirudi pale mtoni, saa ileile. Hakutaka kivuli. Alisimama jua likimpiga usoni, akakunja jicho moja, nyuma yake maji ya kahawia na mkokoteni wa punda unashuka kuchota. Nikabonyeza mara moja. Akaniambia nipige nyingine kwa sababu alifumba macho, nikamwambia hukufumba, akasema nilifumba. Tukapiga nyingine.